Tope la Ziwani Linavyotunza Habari za Mvua na Miti ya Zamani

Leo sitasema habari za mbolea wala za viwavijeshi, ingawa najua wapo waliokuwa wakizingojea. Hizo zitakuja. Leo tuzungumze juu ya vumbi.

Vumbi hilo mnalijua. Ukipita katikati ya mahindi yaliyotoa mbelewele, asubuhi jua linapoanza kuwa kali, nguo hushika unga wa njano. Ukimtazama nyuki anayetoka kwenye ua la alizeti, utaona miguu yake imevimba kwa unga wa namna hiyohiyo. Jina lake ni chavua. Huo ndio upande wa kiume wa mmea: ukifika kwenye ndevu za hindi, punje hutungwa, usipofika, gunzi hubaki na mapengo. Mpaka hapo kila mkulima anajua, na kama jina halijui basi kazi yake anaijua.

Jambo ambalo wengi hatukufundishwa ni kwamba chavua nyingi haziendi kwenye ua lolote. Mbelewele moja hutoa chavua milioni kadhaa, na gunzi lina punje mia chache tu. Hizo nyingine zinakwenda wapi? Zinaanguka. Zinaanguka juu ya paa, njiani, shambani. Na nyingine huanguka ziwani, zikazama, zikafunikwa na tope. Humo ndani ya tope, kama hewa haipenyi, haziozi. Zinaweza kukaa miaka mia, miaka elfu, hata miaka elfu arobaini, kisha akaja mtu mwenye hadubini akazitoa, akasema: hii ni ya nyasi, hii ni ya mgunga, hii ni ya mti wa msitu wa mlimani.

Najua tayari kuna mtu anayeuliza, "Na mimi mwenye ekari tatu za alizeti itanisaidia nini?" Subiri, ndugu yangu.

Katika mkutano mmoja wa wakulima huko Mwankoko, hapa kwetu Manispaa ya Singida, palizuka ubishi juu ya kipande cha migunga kilichosalia kandokando ya mkondo wa maji. Baadhi ya vijana walitaka kifyekwe, palimwe vitunguu, maana vitunguu vina bei na mahali pale pana unyevu. Wengine, hasa kina mama wanaochota maji chini ya mkondo ule, walikataa. Maneno yakawa makali. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza: "Bibi shamba, tuambie kweli. Mvua zimetukimbia kwa sababu tumekata miti, au miti imekwisha kwa sababu mvua zimetukimbia?"

Baadhi walicheka, lakini swali lile si la kuchekwa. Wasomi wa nchi nyingi wamelibishania kwa zaidi ya miaka hamsini. Na angalieni uzito wake. Mtu akiamini kwamba shoka peke yake ndilo lililofukuza mvua, atapanda miche mia moja na kukaa akingojea mawingu; mwaka ukija mkavu atakata tamaa, na miche ataiacha iliwe na mbuzi. Mtu mwingine akiamini kwamba ni mbingu tu ndizo zilizobadilika, atasema, "Basi, nikate au nisikate, ni mamoja." Wote wawili watapata hasara shambani. Kwa hiyo tusijibu kwa kukisia. Tuone tope linasema nini.

Kwanza, chavua zinatambulikanaje? Kila jamii ya mimea ina chavua yenye umbo lake. Chavua ya alizeti ni ya mviringo yenye miiba pande zote, kama mbigili. Chavua za migunga hazitembei mojamoja. Mara nyingi zimeshikana kumi na sita pamoja kama mpira ulioshonwa kwa vipande. Msonobari una chavua yenye mifuko miwili ya hewa, kama mabawa. Chavua ya nyasi ni duara lenye tundu moja. Ya mahindi ni hivyohivyo, ila ni kubwa sana, inafika karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, hata mwenye macho mazuri anaweza kuiona kama nukta. Mtama na uwele vina taabu kidogo: chavua zao zinafanana mno na za nyasi za porini. Kwa hiyo shamba la mtama la mababu zetu linaweza kuonekana ziwani kama mbuga ya nyasi tu. Mambo haya ni vizuri kuyajua, maana chombo chochote cha kupimia lazima ujue pia kinapokosea.

Wafugaji wa nyuki wanaweza kuliona jambo hili kwa karibu zaidi. Chukua asali isiyochujwa sana, iyeyushe katika maji ya uvuguvugu, uiache itulie. Chini patakuwa na masimbi kidogo. Masimbi yale, pamoja na takataka nyingine, yana chavua. Fundi mwenye hadubini atakuambia nyuki wako walikuwa wakienda kwenye alizeti au kwenye miti ya pori. Wanunuzi wa asali katika nchi za nje hutumia njia hiyo kukagua kama asali inatoka kweli mahali inaposemwa imetoka. Ziwa nalo ni kama mtungi mkubwa wa asali, tofauti ni kwamba masimbi yake yamepangwa: ya mwaka huu yako juu, ya zama za mababu yako chini.

Aliyeanza kuhesabu chavua za tabaka kwa tabaka na kuzichora kama ratiba ya nyakati ni Mswidi mmoja, Lennart von Post, ambaye alitoa hotuba yake mwaka 1916. Huku kwetu kazi ilishika kasi baadaye. Daniel Livingstone, Mmarekani, alitengeneza bomba la kutobolea tope ambalo watu wawili au watatu wanaweza kulitumia juu ya mtumbwi au rafu. Unalisukuma chini kipande kwa kipande, kila mara unatoa mchi wa tope wenye urefu wa kama mita moja, unaufunga na kuuandika namba. Mahali pengi ziwa hulaza milimita moja ya tope kwa mwaka, au chini ya hapo. Hivyo mita moja ni miaka elfu moja au zaidi. Katika maabara hukatwa vipande vidogo, huchemshwa kwa tindikali kali sana inayoyeyusha hata mchanga, na kuta za chavua, kwa jinsi zilivyo ngumu, husalia. (Tindikali hiyo inaua, asije mtu akaitafuta.) Kisha mtaalamu anakaa kwenye hadubini, anahesabu mia tatu, mia tano, kipande baada ya kipande, miezi mingi. Ni kazi ya subira kama kupembua ulezi.

Na umri? Kila kiumbe kilicho hai kina kaboni, na sehemu ndogo ya kaboni hiyo hupungua yenyewe baada ya kifo, nusu kwa kila miaka 5,730 hivi. Ukipima iliyobaki katika jani lililozama topeni, unajua jani lile lilikufa lini, mpaka kama miaka 50,000 nyuma. Kwa tope la miaka mia moja au mia moja na hamsini ya karibuni hutumika aina fulani ya risasi inayopungua kwa haraka zaidi. Pamoja na chavua huhesabiwa pia vijichembe vya mkaa, ambavyo huonyesha mioto.

Mtaniuliza kwa nini wataalamu hawakimbilii Singidani na Kindai, maziwa yetu tunayoyaona kila siku. Maziwa yetu haya ni ya chumvi, hayana mto unaotoa maji nje, na vina vyake si virefu. Miaka ya ukame kingo hukauka, tope hupasuka, hewa na jua huingia, na chavua zikishapata hewa huoza. Ni kama daftari lililonyeshewa: baadhi ya kurasa zinasomeka, nyingine zimefutika. Ndiyo maana hupendelewa maziwa yenye kina yaliyomo katika mashimo ya volkeno, kama Ziwa Masoko kule Rungwe, Ziwa Chala mpakani mwetu na Kenya, na kreta ya Empakaai huko Ngorongoro. Au vinamasi vya milimani. Hata tope lililogeuka mwamba hutoa kitu: Mfaransa Raymonde Bonnefille alipata chavua katika tabaka za Laetoli, mahali palipo na nyayo za watu wa kale za miaka zaidi ya milioni tatu na nusu.

Tuanze na jirani yetu mkubwa, Ziwa Viktoria. Robert Kendall, mwanafunzi wa Livingstone, alitoboa tope katika Ghuba ya Pilkington upande wa Uganda na kuchapisha hesabu zake mwaka 1969. Chini kabisa alikuta nyasi nyingi na miti michache. Juu yake miti ya msitu ikaongezeka, mpaka ikatawala. Baadaye, kama miaka 3,000 iliyopita, msitu ukapungua tena. Wengine waliokuja nyuma yake walipima sakafu ya ziwa kwa mawimbi ya sauti na kutoboa zaidi, na mwaka 1996 wakatoa habari iliyowashangaza watu: ziwa zima lilikuwa limekauka, na lilianza kujaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Fikirini wenyewe. Mwanza hakuna ziwa! Tena wakati huo hapakuwa na mtu mwenye shoka la chuma, hapakuwa na tanuri la mkaa wala shamba la pamba. Mvua ilipungua kwa sababu zake, dunia ilipokuwa na baridi kali na barafu nyingi kaskazini, na bahari zikitoa mvuke mchache.

Kisha mambo yakageuka. Kutoka kama miaka 11,000 mpaka 5,000 iliyopita Afrika Mashariki ilikuwa na mvua nyingi kuliko leo. Hata Sahara ilikuwa na majani na maziwa. Hapo pia hapakuwa na mradi wa kupanda miti. Basi sehemu ya kwanza ya jibu kwa yule mzee ni hii: mvua zinaweza kuja na kuondoka bila kumwuliza mwenye shoka. Mvua yetu ya Singida, ile ya msimu mmoja kutoka Novemba mpaka Aprili au Mei, huletwa na mkanda wa mawingu unaolifuata jua kwenda kusini, na nguvu zake hutegemea joto la Bahari ya Hindi na hata bahari ya Pasifiki, mbali kabisa. Misitu mikubwa sana, kama ya Kongo, hurudisha mvuke mwingi angani, na ikifyekwa yote madhara yatafika mbali. Lakini kipande cha migunga cha Mwankoko hakiwezi kuita wala kufukuza wingu. Hapo ni lazima tuseme kweli, maana tumezoea kuwaambia wakulima "panda mti uvute mvua" kana kwamba mti ni kamba.

Je, ina maana wale vijana wa vitunguu wameshinda? Hapana. Sikilizeni ya Naivasha.

Ziwa Naivasha liko Kenya, katika Bonde la Ufa, nalo hupanda na kushuka kama letu. Mbelgiji Dirk Verschuren na wenzake walisoma tope lake la miaka 1,100, wakatumia magamba ya mimea midogo sana ya majini na mabaki ya wadudu kujua kina cha maji. Mwaka 2000 walitangaza kwamba kuanzia kama mwaka 1000 mpaka 1270 hali ilikuwa kavu kuliko leo. Baadaye mvua zikawa nzuri kwa muda mrefu, ila zikakatizwa na vipindi vitatu vya ukame: 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Someni tena hesabu hizo. Arobaini, sitini, themanini! Huo si ukame wa msimu mmoja wala miwili. Mtoto alizaliwa katika ukame, akaoa katika ukame, akazikwa katika ukame. Na walisema kwamba ukame ule ulizidi wowote ulioandikwa katika karne ya ishirini.

Wazee wetu wanakumbuka 1973 na 1974, wakati wa kilimo cha kufa na kupona. Wanakumbuka 1983 na 1984. Sisi wa rika langu, wenye miaka thelathini na kitu, tunakumbuka 2005 na 2006, mifugo ilivyokufa na umeme ulivyokuwa wa mgawo. Tunaiita miaka ile mibaya kupita yote, kwa sababu kumbukumbu zetu zinaishia hapo. Tope linakumbuka zaidi. Mtu anayepanga shamba lake kwa kumbukumbu ya miaka thelathini ni kama anayejenga nyumba bondeni kwa sababu tangu azaliwe hajaona mafuriko.

Katika tope la Naivasha hilohilo chavua zilihesabiwa pia, na matokeo yakatoka mwaka 2003. Ukame ulipokuja, chavua za miti zilipungua. Mvua ziliporudi, miti ikarudi. Ikarudi yenyewe! Nani aliipanda? Hakuna. Visiki vilikuwepo, mizizi ilikuwepo, mbegu zilikuwepo ardhini na matumboni mwa ndege na wanyama. Karne za karibuni zaidi, watu walipoanza kufyeka kwa ajili ya mashamba, ndipo mambo yakaharibika kwa namna nyingine. Ukame peke yake huinamisha pori kama upepo unavyoinamisha mtama. Ukipita, mtama husimama. Lakini mtama uliong'olewa hausimami.

Nasema jambo hili kwa nguvu kwa sababu majirani zetu wa Kondoa walilishuhudia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi wanaujua kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Lilikuwa jambo chungu kwa wenye mifugo, na sisemi lifanyike hivyo kwetu. Ninachosema ni kwamba milima ile, iliyokuwa imebaki makorongo mekundu, ilifunikwa tena na majani na vichaka, na sehemu kubwa ya vichaka hivyo haikutoka kwenye kitalu. Ilichipua.

Sasa tufike Kigoma, na hapa naomba mnisikilize kuliko mahali pengine pote. Ufukoni mwa Ziwa Tanganyika kuna mabonde mawili yanayopakana: Mitumba, lililomo ndani ya Hifadhi ya Gombe, lina msitu, na Mwamgongo, nje ya hifadhi, limelimwa mpaka milimani. Udongo ni wa namna moja, na mvua inayonyesha ni ileile. Wataalamu walitoboa tope mbele ya mito ya ufuko ule, mbele ya mabonde yaliyofyekwa na yasiyofyekwa, na mwaka 2005 wakachapisha walichokiona. Kazi ya chavua ilifanywa na Mtanzania, Msaky, pamoja na Livingstone yuleyule wa bomba na mwenzao mwingine. Mabadiliko ya chavua hayakuwa makubwa sana, lakini yalionekana: nyasi zikiongezeka dhidi ya msitu, na dalili za udongo kusombwa.

Ndipo ikaja ile mvua kubwa ya 1961 na 1962. Wazee, mnaikumbuka: mwaka wa Uhuru, nchi nzima ilikuwa maji, na maziwa ya Afrika Mashariki yalipanda. Mbele ya milima iliyokwisha fyekwa, tope liliongezeka ghafla mwanzoni mwa miaka hiyo ya sitini. Mbele ya msitu haikuwa hivyo. Wingu lilikuwa moja. Bonde moja lilikunywa, jingine likatapika. Na tope lile lililotapikwa lilikuwa udongo wa juu wa mashamba, ule mweusi wenye rutuba, ambao mkulima hawezi kuununua dukani kwa bei yoyote. Samaki na konokono wa ufukoni nao waliupata msiba wao, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya jibu. Shoka halimfukuzi mgeni anayeitwa mvua. Ila shoka linaamua kama mgeni akifika atakuta mlango na kitanda, au atapita mbio akibomoa ukuta. Migunga ya Mwankoko haileti wingu, lakini inashika ukingo wa mkondo, inapunguza kasi ya maji, inayapa nafasi ya kuzama kwenda kwenye visima. Ikifyekwa, vitunguu vitapatikana msimu wa kwanza, labda na wa pili. Ukija mwaka wa mvua kubwa, kama 1961, au kama ile El Nino ya 1997 na 1998 ambayo mimi niliiona nikiwa mtoto, ukingo utakwenda, na shamba la vitunguu litakwenda pamoja nao. Ukija ukame mrefu, chini hapatakuwa na kisiki cha kuchipua. Mkiniuliza mimi, bila kuzunguka: migunga ile iachwe, na vitunguu vilimwe mbali na mkondo, kwa maji ya kuchota au kupampu. Ni kazi zaidi, sikatai, na vijana wanastahili kusaidiwa kuipata hiyo pampu badala ya kukemewa.

Liko na jambo la milima ya mashariki ambalo nalipenda, ingawa haliko karibu nasi. Katika vinamasi vya Udzungwa na Uluguru, Watanzania na wageni, mmoja wao Cassian Mumbi, walisoma tope la kiasi cha miaka 48,000. Wakati Ziwa Viktoria limekauka, misitu ya kule ilidumu. Ilibadilika, lakini haikuondoka, kwa sababu ukungu wa Bahari ya Hindi uliendelea kuinywesha. Misitu iliyopita salama katika ukame wa dunia nzima inaweza kumalizwa na misumeno katika miaka thelathini. Basi.

Mbuga zetu za Singida hazina ukungu wa bahari. Tuna milimita 500 mpaka 800 kwa mwaka, na siku zenyewe hazina mpango. Kwa hiyo mkulima wa Mwankoko afanye nini na habari hizi?

La kwanza ni mbegu. Maadamu tope limetuambia kwamba ukame mrefu ni mwenyeji wa nchi hii, siyo ajali, usiweke shamba lote kwenye mahindi. Najua ugali wa mahindi ni mtamu kwa watoto na mtama una kazi ya kuwinga ndege. Hata hivyo, angalau nusu ya shamba la chakula iwe mtama au uwele, tena mbegu za muda mfupi kama mtama wa Macia na uwele wa Okoa. Mwaka wa mvua nzuri hutapoteza kitu. Mwaka mbaya utakula. Alizeti ni ya fedha, na fedha hailiwi.

La pili ni visiki. Unapotayarisha shamba, usiving'oe vyote. Chagua visiki vinavyochipua, kila kimoja uache chipukizi mbili au tatu zilizonyooka, nyingine upunguze, na uziwekee alama ili wachungaji wazione. Kisiki kina mizizi iliyokwisha kwenda chini, mche wa kitalu unaanza kuitafuta. Nimeona miche mingi ya sherehe ikifa kabla ya Agosti; visiki sijaviona vikifa kwa urahisi namna hiyo. Wenzetu wa Shinyanga walifanya hivyo kwa ngitiri, wakati wa mradi wa HASHI ulioanza 1986, na nyika iliyokuwa tupu ikapata kuni na malisho.

La tatu ni matuta. Lima kukata mteremko, na funga matuta kila baada ya hatua chache ili maji yakae shambani. Mmelisikia mara nyingi, sitalirefusha.

La nne ndilo jipya. Anzeni kuandika mvua. Chukua kopo ambalo pande zake zimenyooka, mdomo na kitako viwe na upana mmoja; kopo la maziwa ya unga linafaa. Lifunge juu ya kigingi, mdomo ukielekea juu sawasawa, mahali pa wazi, mbali na nyumba au mti mara mbili ya kimo chake. Kila siku saa tatu asubuhi ingiza rula ya mtoto wa shule, soma milimita, andika katika daftari pamoja na tarehe, kisha mwaga. Siku isiyo na mvua andika sifuri. Usiache wazi, maana baadaye hutajua kama haikunyesha au ulisahau. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Bati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, mvua ya milimita 20 hulimwagia lita 960, karibu mapipa matano, na wengi wetu tunayaangalia yakienda barabarani.

Andika na mengine: tarehe uliyopanda, tarehe mtama ulipotoa masuke, siku mibuyu ilipotoa majani, siku ziwa liliporudi nyuma au kusogea mbele. Baada ya miaka mitano leta daftari lako, na mimi nitaleta la kituo changu, tutayaweka sambamba. Mwankoko na mjini ni karibu, lakini mvua inaweza kunyesha kwako isifike kwetu, na mashauri ya kupanda yanayotolewa kwa kipimo cha mahali pengine hayawezi kukutosha wewe.

Wenye makopo tayari waanze kesho asubuhi, hata kama ni kiangazi. Sifuri nazo zinahesabiwa. Wiki ijayo nitawaletea viwavijeshi niliowaahidi, pamoja na namna ya kuwakagua kwenye mahindi machanga kabla hawajaingia moyoni. Kwaherini.